Karatasi za Muziki: Namna ya Kuzisoma na Kuzitunza

Mtu apitaye Kibera au Kawangware siku ya Jumapili asubuhi hakosi kusikia muziki ukitoka katika nyumba za ibada: huku kwaya, kule kinanda, na pengine tarumbeta na ngoma kubwa za bendi iendayo barabarani. Wengi wa wapigaji hao wamejifunza kwa masikio. Mwenye kujua alipiga, mwanafunzi akasikiliza, kisha akaiga. Njia hiyo si mbaya, maana ndiyo iliyotulea wengi wetu. Lakini ina upungufu mmoja mkubwa: mwenye kujua akihama mtaa, muziki wake huhama pamoja naye.

Karatasi ya muziki iliyopigwa chapa huondoa upungufu huo. Watu wasiopata kuonana hata siku moja waweza kuketi pamoja asubuhi, wakafungua karatasi zao, na kabla ya adhuhuri wakapiga wimbo mmoja kwa umoja. Katika somo hili twapenda kueleza mambo matatu: jinsi karatasi hizo zilivyopangwa, jinsi mpigaji awezavyo kuzisoma asipotee, na jinsi bendi isiyo na fedha nyingi iwezavyo kuzitunza.

MUZIKI WA CHAPA SI MGENI KWETU

Kibera ilianza kuwa makazi ya askari Wanubi wa kikosi cha King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Kikosi hicho kilikuwa na bendi zake, na bendi za jeshi hupiga kwa karatasi. Jeshi la Wokovu nalo lilianza kazi yake Kenya mwaka wa 1921, likaleta desturi yake ya bendi za tarumbeta. Desturi hiyo ilianza Uingereza katika mji wa Salisbury mwaka wa 1878, pale Charles Fry na wanawe watatu walipopiga vyombo vyao katika mikutano ya njiani. Baadaye Jeshi la Wokovu likawa lachapisha muziki wake lenyewe, na kwa miaka mingi bendi zake zilitakiwa kupiga muziki huo tu. Kwa hiyo mpigaji wa Nairobi aliweza kuketi miongoni mwa wapigaji wa London, akaikuta mbele yake karatasi aliyoizoea nyumbani.

KUTOKA SOLFA HADI MISTARI MITANO

Waimbaji wengi wa kwaya zetu wanajua solfa, yaani do, re, mi, fa, so, la, ti. Solfa ilienezwa na Mwingereza John Curwen, aliyeishi tangu 1816 hadi 1880. Mtu ajuaye solfa asidhani kwamba hajui kitu. Amekwisha kuipita nusu ya safari. Tofauti ni hii: katika solfa, do huhama kufuata sauti ya wimbo, katika mistari mitano, kila noti ina mahali pake pasipobadilika, nayo huitwa kwa herufi.

Basi swali la kwanza la mwanafunzi na liwe hili: "Do iko wapi?" Jibu lake limeandikwa mwanzoni mwa mstari, katika alama za kupandisha au za kushusha. Zikiwa ni alama za kupandisha, ya mwisho upande wa kuume ndiyo ti, na do iko hatua moja juu yake. Zikiwa ni alama za kushusha, ya mwisho ndiyo fa, na mtu akihesabu kushuka, fa, mi, re, do, ataifikia do. Mathalani, palipo na alama moja ya kupandisha, do ni G. Palipo na alama mbili za kushusha, do ni B iliyoshushwa, nayo katika ufunguo wa juu hukaa kwenye mstari wa katikati. (Nyimbo zenye sauti ya huzuni mara nyingi huanzia la badala ya do, lakini hesabu ni ile ile.)

NAKALA YA KIONGOZI NA NAKALA ZA WAPIGAJI

Mtu anunuaye muziki wa bendi au okestra hapati karatasi moja. Hupata seti. Ndani yake mna nakala ya kiongozi, ambayo yaonyesha vyombo vyote kwa pamoja, kimoja juu ya kingine; na mna nakala za wapigaji, kila moja ikionyesha kazi ya chombo kimoja tu. Katika nakala ya kiongozi wa okestra, vyombo vya mbao huwa juu, kisha vya shaba, kisha ngoma, na fidla na jamaa zake huwa chini. Kwa machi ya njiani nakala za wapigaji huchapwa ndogo kama kadi, zipate kushikizwa juu ya chombo mtu akiwa anatembea.

Mpigaji haoni wenziwe wanafanya nini. Aona kazi yake tu. Kwa sababu hiyo wachapaji wameweka alama za kumwongoza. Mistari ya wima huugawa muziki katika vipimo. Herufi kubwa A, B, C, au nambari, huwekwa mahali pa kuanzia mazoezi, ili kiongozi akisema, "Tuanze C," wote waende mahali pamoja. Na mpigaji akiona mstari mnene wenye nambari 16 juu yake, maana yake anyamaze vipimo kumi na sita huku akihesabu. Wengi hupotea hapa. Kunyamaza kwa hesabu ni sehemu ya kupiga, na mtu asiyehesabu kimya chake huingia mapema na kuharibu kazi ya wote.

KWA NINI VYOMBO HAVISOMI NOTI MOJA

Sasa twafika penye jambo linalowatatiza wengi. Tuseme kijana wa fidla wa Kawangware amealikwa kupiga pamoja na bendi ya tarumbeta ya Kibera. Apewa nakala ya korneti, aipiga kwa uangalifu bila kosa, lakini sauti yake yagombana na wote. Watu wasema hajui. Kumbe ajua, amepewa karatasi isiyo yake.

Sababu yake ni hii. Korneti, klarineti na saksofoni ya tenori ni vyombo vya B iliyoshushwa: mpigaji akisoma C, sauti itokayo ni B iliyoshushwa. Pembe ya tenori na saksofoni ya alto ni vyombo vya E iliyoshushwa: mpigaji akisoma C, sauti itokayo ni E iliyoshushwa. Fidla, filimbi na kinanda hutoa sauti ile ile iliyoandikwa. Basi ili wote watoe B iliyoshushwa, mwenye fidla asoma B iliyoshushwa, mwenye korneti asoma C, na mwenye pembe ya tenori asoma G. Yule kijana wa fidla, akisoma nakala ya korneti, atakuwa juu ya wenziwe kwa hatua moja nzima. Dawa yake ni kumwandikia upya nakala hiyo, kila noti ishushwe hatua moja nzima.

Elimu hii ina faida kubwa kwa bendi maskini. Vyombo vya jamii moja vyaweza kubadilishana karatasi. Mahali pasipo na korneti ya pili, klarineti yaweza kusoma nakala yake. Pasipo na pembe ya tenori, saksofoni ya alto yaweza kushika nafasi yake. Pasipo na baritoni, saksofoni ya tenori yaweza kusoma karatasi ya baritoni iliyoandikwa kwa ufunguo wa juu. Sauti haitakuwa na ladha ile ile, lakini wimbo utakamilika.

Tena, katika bendi za tarumbeta za Kiingereza karibu vyombo vyote, hata besi kubwa, huandikiwa kwa ufunguo wa juu, isipokuwa tromboni ya besi. Mpangilio huu ni wa hekima: aliyejifunza korneti aweza kuhamishiwa pembe au besi bila kujifunza vidole upya, maana noti ile ile hupigwa kwa vidole vile vile. Lakini seti nyingi zitokazo Marekani huandika tromboni na yufoniamu kwa ufunguo wa chini. Kabla ya kununua, kiongozi na aulize kwanza ni ufunguo gani, asije akatoa fedha za watu kwa karatasi ambazo wapigaji wake hawawezi kuzisoma.

KUZITUNZA

Seti ya muziki ina thamani ikiwa kamili. Mpigaji mmoja akienda nayo nyumbani nakala ya besi, kisha mvua za masika zikapenya mabati na kuilowesha, hasara si ya nyumba yake tu. Siku ya tamasha bendi nzima itapiga wimbo usio na msingi. Yafaa basi kufuata kanuni chache:

1. Kila nakala iandikwe nambari, na kuwe na daftari la nani amechukua nini na lini. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Alama za mazoezi ziandikwe kwa penseli, kamwe si kwa wino, kwa maana karatasi hiyo itatumiwa na wengine baadaye.

3. Karatasi zikae ndani ya mfuko wa plastiki katika sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na maji na panya.

4. Nakala ya kiongozi isiazimwe kwa mpigaji yeyote. Nakala ya mpigaji ikipotea yaweza kuandikwa upya kwa mkono kutoka katika nakala ya kiongozi. Nakala ya kiongozi ikipotea, ni vigumu sana kuirudisha.

JE, NI HALALI KUTOA NAKALA?

Swali hili huulizwa mara kwa mara, na ni haki kulijibu. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, haki ya mtunzi wa muziki hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliokufa. John Philip Sousa wa Marekani, mtunzi mashuhuri wa machi, alikufa mwaka wa 1932. Frederick Joseph Ricketts, aliyetunga machi kwa jina la Kenneth Alford, alikufa mwaka wa 1945. Kazi zao kama walivyoziandika wenyewe sasa ni huru katika nchi hii. Lakini mtu akiupanga upya wimbo wa zamani kwa vyombo vingine, mpangaji naye ana haki yake juu ya mpango huo. Mtu asiseme, "Mtunzi alikufa zamani," bila kutazama jina la mpangaji lililochapwa chini yake.

Wengine watasema kwamba maskini hana njia ila kunakili. Lakini hata miongoni mwetu wamo watunzi, nao ni maskini vile vile. Tukizoea kuchukua jasho la mgeni bila malipo, kesho hatutakuwa na uso wa kumtetea wa nyumbani.

NYIMBO ZETU WENYEWE

Neno la mwisho ni hili. Sauti ya Wimbo wa Taifa wa Kenya ilitokana na wimbo ambao akina mama wa Kipokomo, kando ya Mto Tana, waliwabembelezea watoto wao. Mwaka wa 1963 kamati ya wanamuziki watano, miongoni mwao Graham Hyslop na George Senoga-Zake, iliufanyia kazi hata ukawa wimbo wa taifa. Leo bendi yoyote yenye karatasi yake yaweza kuupiga, hata kama wapigaji wake hawajapata kuuona Mto Tana.

Ni nyimbo ngapi nzuri za Kibera na Kawangware zilizomo vichwani mwa wazee na viongozi wa kwaya, ambazo hazijaandikwa popote? Kijana aliyejifunza kusoma noti na ajifunze pia kuziandika. Aketi na mzee, asikilize, aandike sauti moja kwanza, kisha aongeze nyingine. Kalamu ya penseli na karatasi yenye mistari mitano ni mali ndogo, lakini zaweza kuokoa jambo ambalo fedha haziwezi kulinunua tena.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Wimbo una alama tatu za kushusha, na ya mwisho iko kwenye A. Do iko wapi?

2. Mpigaji wa pembe ya tenori asoma C. Mwenye fidla asome noti gani ili sauti zao zilingane?

3. Bendi yako haina baritoni. Ni chombo gani kiwezacho kushika nafasi yake bila kuandika karatasi upya?

4. Kwa nini nakala ya kiongozi isiazimwe?

Majibu: 1. E iliyoshushwa. 2. E iliyoshushwa. 3. Saksofoni ya tenori, ikiwa karatasi ni ya ufunguo wa juu. 4. Kwa sababu kutoka kwayo nakala yoyote iliyopotea yaweza kuandikwa upya.