Ndugu Wakija Arusha: Mwongozo wa Mwenyeji kwa Siku Moja ya Matembezi

Kijitabu hiki ni cha mkazi wa Arusha aliyepigiwa simu kutoka Tabora, Mtwara au Mombasa: shangazi anakuja na wajukuu, na wanataka kuuona mji. Wenyeji wengi simu hiyo huwatia wasiwasi. Tumezoea kuuona utalii kuwa ni shughuli ya Wazungu wanaopita kwenye magari ya safari huku sisi tukiwapisha barabarani. Ndugu akija tunampeleka sokoni, tunampitisha kwa majirani, tunampikia vizuri, kisha anarudi kwao hata Meru hajauangalia kwa utulivu. Tunakuomba umtembeze. Mengi yaliyoamuliwa katika mji huu yanamgusa yeye na wajukuu wake, na anayeweza kumsimulia ni wewe.

Asubuhi: mlimani

Mlima Meru una urefu wa mita 4,566, wa pili nchini baada ya Kilimanjaro. Alfajiri mara nyingi huwa wazi hadi kileleni, lakini ikifika saa nne au saa tano mawingu huwa yameshaufunika. Kwa hiyo tokeni nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Shikeni barabara ya Moshi hadi Usa River, kisha mkunje kushoto kuelekea Momella mpaka lango la Ngongongare la Hifadhi ya Taifa Arusha. Kati ya Juni na Agosti baridi ya huku huwaumiza sana watu wa pwani. Usimuulize shangazi kama ana sweta, mbebee.

Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kiasi kidogo mno kuliko anacholipa mgeni wa mbali, ila lazima aonyeshe kitambulisho. Mkumbushe achukue cha kwake kabla hajapanda basi huko kwao. Malipo ni kwa simu au benki, si kwa fedha mkononi, na viwango hubadilika, hivyo uliza TANAPA siku chache kabla. Kama hamna gari, changishaneni mkodi Noah au Hiace ya siku nzima, na muelewane na dereva mapema nani atalipia mafuta na kiingilio cha gari.

Mkishaingia, twiga, nyati na pundamilia huonekana karibu na lango, kwenye uwanda unaoitwa Serengeti Ndogo. Msituni tazameni juu ya miti: mbega wenye manyoya meusi na meupe hukaa kwa makundi, na wakiruka mikia yao mirefu hufuata nyuma kama shuka iliyoanuliwa na upepo. Kasoko ya Ngurdoto hutazamwa kutoka ukingoni. Kushuka ndani hakuruhusiwi. Kwenye maziwa ya Momella maji ni ya magadi, ndiyo maana flamingo huyapenda. Wenye miguu imara wanaweza kutembea na askari mwenye bunduki hadi maporomoko ya Tululusia. Bibi mwenye magoti mabovu asilazimishwe. Mtu mmoja abaki naye ili asiachwe peke yake na dereva.

Maji na meno

Chukueni maji ya kunywa ya kutosha kutoka nyumbani, na hapa tunaomba usome taratibu. Miamba ya volkano ya Meru huyatia maji madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini chemchemi na mito kadhaa kuzunguka mlima huu huzidisha kiasi hicho mara nyingi. Maji huonekana safi na baridi, yanavutia kuyachota kwa kiganja. Kuyachemsha hakuondoi floraidi. Kunazidisha ukali wake, kwa kuwa maji hupungua na madini hubaki. Glasi moja haitamdhuru mgeni. Madhara huja kwa kunywa miaka mingi, hasa kwa watoto wadogo ambao meno ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi.

Watoto wa mgeni wataona watu wenye meno ya kahawia na watauliza, pengine kwa sauti. Waeleze kabla hamjatoka nyumbani kwamba rangi ile imetokana na maji aliyoyakuta mtu pale alipozaliwa, wala si uchafu. Mtoto aliyeelezwa hamcheki mtu.

Huku kuna kisa kingine cha kusimulia, cha ardhi. Ng'ambo ya hifadhi, upande wa kaskazini, iko Ngarenanyuki. Si lazima mfike, lakini mkiwa Momella waonyesheni wageni upande huo. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka huko kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa moto, ili walowezi wa Kizungu wapate mashamba ya mifugo. Wameru walichangishana nauli, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kudai ardhi. Julius Nyerere alisimama mbele ya baraza hilo miaka 3 baadaye. Ardhi haikurudishwa wakati ule, ila kesi hiyo iliwaamsha watu wengi wa Tanganyika. Inasikitisha kwamba vijana wengi wa hapa hapa hawalijui jina la Kirilo.

Mchana: Tengeru

Mkirudi, simameni Tengeru. Ikiwa ni Jumatano au Jumamosi mtakuta gulio kubwa, na ndizi za kila aina. Mtori wa moto unawafaa wazee waliotoka kwenye baridi. Jirani lipo Ziwa Duluti, ziwa la kasoko lililozungukwa na msitu, mahali pazuri pa kupumzika saa moja.

Alasiri: mjini

Wengi hukimbilia Mnara wa Saa wakapiga picha wakaondoka. Picha pigeni, lakini nendeni Kaloleni, kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha, karibu na Mnara wa Mwenge. Ulizieni kwanza saa za kufungua. Katika ukumbi huu Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Usijipe kazi ya kumwelekeza mzee wako. Mtafutie kiti, kisha muulize alikuwa wapi siku ile. Mmoja atakumbuka matembezi ya kuunga mkono Azimio, na kijana Seth Benjamin aliyefariki njiani akienda Dar es Salaam kwa miguu. Mwingine atakumbuka duka la baba yake lililochukuliwa. Msibishane nao, waacheni watoto wasikilize wote wawili.

Mkiwa na muda, Boma la Wajerumani liko juu kidogo, sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Ndani mna nakala ya nyayo za Laetoli, zilizokanyagwa miaka takriban milioni 3.6 iliyopita. Mtoto aruhusiwe kulinganisha unyayo wake kwa macho.

Jengo la AICC lililo jirani linastahili maelezo kwa wakubwa. Humo ilikaa mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyofungwa Desemba 2015. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mgeni akiwa ametoka Kigoma au Kagera, huenda ana kumbukumbu zake za wakimbizi wa 1994. Mpe nafasi.

Anayependa mashairi mpitisheni Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Mwenye jina hilo ndiye aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka 1954, na baadaye akawa Meya wa Dar es Salaam na waziri.

Zawadi

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, hivyo bebeni kikapu. Vijana wanaowafuata watu mjini wakiuza safari au mawe wakatalieni kwa upole na muendelee kutembea. Tanzanite huchimbwa Mirerani pekee duniani, na mgeni atatamani jiwe. Asinunue barabarani hata kama bei ni ya kuvutia: aingie duka la muuzaji mwenye leseni, adai risiti, na aihifadhi pamoja na jiwe, kwa sababu akiulizwa njiani jiwe hilo amelipata wapi, karatasi hiyo ndiyo itakayomjibia.