SOMO LA JIOGRAFIA: MASHUA YA BABA YA KAMBO



Kila mwaka nyuma ya vakansi kubwa tunaandika insha ileile: nilipanda treni, nilifika, nilisalimu jamaa, nilirudi. Leo tusome safari moja na atlasi mkononi, ile niliyofanya pamoja na mdogo wangu mwezi wa saba, kutoka Lubumbashi hadi Kindu. Kila mtu afungue ramani ya inchi yetu, atafute mto Lualaba, aweke kidole pale Bukama. Asikitoe kidole mpaka nimwambie.

Kwanza neno moja kwa wale wanaotaka kwenda mwaka ujao. Treni ya Kindu haipiti kila juma. Mwenye kungoja mwezi wa nane ndipo aanze kufunga mizigo, asije kwangu kuomba nimtetee kwa walimu wakati masomo yamekwisha kufunguliwa.

Njia ni hii. Kutoka Lubumbashi treni inapita Likasi na Tenke, inavuka Lualaba pale Bukama, inapanda Kamina. Hapo reli inagawanyika: moja inaenda Kananga na Ilebo, ingine inapinda kaskazini kuelekea Kabalo. Kabalo nayo ni njia panda, sababu reli moja inatoka pale kwenda Kalemie, kwenye ziwa Tanganyika. Sisi tulifuata ile ya Kongolo na Kibombo, mpaka mwisho wa reli, Kindu. Tulitoka karibu na digri 12 kusini ya ekweta, tukafika karibu na digri 3. Ni vile kwetu tuliacha baridi ya kiangazi, watu wamevaa makoti asubuhi, na kule tukakuta joto na miti mikubwa. Pale Bukama kila mtu alinunua samaki ya kukauka, na harufu yake ilisafiri pamoja nasi siku zote. Siku ya Mungu wamama wa gari letu walianza kuimba, na hata wale wasiojua maneno walipiga makofi.

Kambo anakaa Alunguli, ngambo ya mto, kwa hiyo nyuma ya treni tulivuka Lualaba na mtumbwi. Maniema ni inchi ya mupunga. Alitupikia wali na sombe yenye mafuta ya ngazi, tukashiba kabisa, halafu mdogo wangu akaninong'oneza: «Yaya, tutakula saa ngapi?» Kwake yeye, kama bukari haijaonekana, mtu hajakula. Kambo alisikia. Alicheka mpaka machozi.

Sasa tunafika kwenye somo. Usiku ule tulimweleza safari yetu, naye akasema: «Baba yangu alipitaka njia ile mbele yenu. Alipanda treni hapa Kindu, akashuka Kongolo, akaingia mu mashua mpaka Bukama. Kule njo alipata treni ingine ya Katanga.» Mdogo wangu akamjibu: «Mashua ya nini, Kambo? Siye tulikuja na treni moja tu!» Watu wazima waliokaa pale nao walitikisa kichwa, kama tunavyofanya mzee akianza kuchanganya mambo.

Lakini tuangalie ramani. Lualaba haiko mto wa namna moja. Toka Bukama mpaka Kongolo maji ni tulivu, mashua inapita. Chini ya Kongolo mto unabanwa na mawe, pale Wazungu walipopaita Portes d'Enfer, maana yake Milango ya Jehanamu, na mashua haiwezi. Toka Kindu mpaka Ubundu maji yanatulia tena. Kiisha, kati ya Ubundu na Kisangani, kuko maporomoko saba ya Boyoma.

Kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, ilijenga reli pale tu mto ulipokataa. Reli ni feza nyingi. Mto ni bure. Kwa hiyo mwaka 1906 ilimaliza kipande cha Kisangani na Ubundu, kilometa 125. Mwaka 1911 ikamaliza Kindu na Kongolo, kilometa 355. Mwaka 1915 reli ya Kabalo ikafika ziwani. Upande wa kusini kampuni ingine ilikuwa imefikisha treni Lubumbashi mwaka 1910 na Bukama mwaka 1918. Kati ya Bukama na vipande vya CFL hapakuwa na reli, mto tu. Tena upana wa reli haukuwa sawa: ile ya CFL ilikuwa meta 1, ile ya Katanga meta 1 na milimeta 67. Hata kama zingekutana, treni ya huku isingeweza kuingia kule. CFL ilipanua reli yake mwaka 1955, na mwaka 1956 kipande cha Kamina na Kabalo kikafunguliwa. Tangu pale mtu anaweza kukaa kwenye kiti kimoja toka Lubumbashi mpaka Kindu.

Baba ya Kambo aliondoka kwenda kazi ya shaba wakati Kambo alikuwa mtoto anayeanza kuchota maji, mbele ya 1956. Basi mashua ilikuwapo. Kambo hachanganyi kitu. (Sasa unaweza kutoa kidole.)

Mama yake hakutaka kuacha shamba la mupunga, akabaki. Baba alirudi mara moja, akaleta vitambaa na taa, akapanda treni tena, na hakurudi. Kule Katanga alizaa watoto wengine. Ni hao baba yetu aliowafuata akiwa kijana, na ni vile sisi tunakaa Lubumbashi. Kambo hajaona kaburi la baba yake.

Maulizo ya kujibu darasani: Sababu gani reli inaishia Kindu na haiendelei mpaka Ubundu? Mtu anayetoka Kindu kwenda Kisangani kwa kufuata mto, atabadilisha chombo mara ngapi? Na jamaa yako wewe, walifika hapa kwa njia gani, mwaka gani?

Mbele ya kuagana, Kambo aliniomba nitafute jina la baba yake katika vitabu vya ubatizo, sababu alisikia kwamba alibatizwa katika kambi ya wafanyakazi upande wa Likasi. Nimeuliza katika kanisa mbili, bado. Mwanafunzi ambaye jamaa yake inasali Likasi na inajua mahali vitabu vya zamani vimewekwa, anione saa ya mapumziko. Jina nimeliandika kwenye karatasi.