Mwanariadha Naye Huugua

Umewahi kuona jambo hili? Kijana fulani ana nguvu kuliko wenzake wote kijijini. Hukimbia kila siku alfajiri. Lakini siku chache baada ya mashindano makubwa unamkuta amejifunika shuka. Anapiga chafya na koo linamwuma. Watu hushangaa. Wengine husema amerogwa na timu ya pili. Tuyaache hayo. Tuutazame mwili wenyewe.

Ndani ya damu yetu mna chembe nyeupe. Ni ndogo sana, hazionekani kwa macho matupu. Kazi yake ni ulinzi. Vijidudu vya maradhi vikiingia mwilini, chembe hizo huvishambulia. Ulinzi huu huitwa kinga ya mwili.

Ukitembea kwa haraka au ukikimbia polepole kwa nusu saa, chembe nyeupe nyingi huanza kuzunguka pamoja na damu. Huwa kama askari wa doria. Kwa hiyo mazoezi ya kiasi hukusaidia. Mkulima naye asijione yuko nje ya habari hii, maana kulima ni zoezi.

Mbio ndefu sana ni jambo jingine. Baada ya mbio hizo, chembe nyeupe za aina fulani hupungua katika damu kwa saa kadhaa. Wataalamu wengi walisema kwamba wakati huo mwili ni kama nyumba iliyoachwa mlango wazi.

Walikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mwaka 1982, huko Cape Town, Afrika ya Kusini, walichunguzwa watu 150 waliokimbia mbio za kilomita 56. Kila mmoja alilinganishwa na mtu asiyekimbia. Katika wiki mbili baada ya mbio, wakimbiaji 33 katika kila 100 walikuwa na dalili za mafua au maumivu ya koo. Kwa wasiokimbia, walikuwa 15 tu katika kila 100. Tena waliokimbia kwa kasi zaidi ndio waliougua zaidi! Mwaka 1987 watu waliulizwa baada ya mbio za marathoni za Los Angeles, Marekani. Huko nako waliokimbia waliugua kuliko wenzao waliojiandaa lakini hawakukimbia.

Lakini je, ni mbio peke yake? Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walipinga. Walisema chembe zile hazifi. Huondoka katika damu na kwenda kulinda sehemu nyingine, kama mapafu. Wakasema tuangalie pia mambo mengine. Mchezaji husafiri mbali. Hulala kidogo. Husongamana na watu wengi, na wengine wao wana mafua.

Wataalamu na waendelee kubishana. Mchezaji anajua la kufanya. Baada ya siku ya kazi ngumu, apumzike. Alale usiku wa kutosha. Ale vizuri, wala asikimbie mbio ndefu na njaa. Anawe mikono kwa sabuni. Tena awe na kikombe chake. Kikombe kimoja kikizunguka timu nzima, mafua ya mmoja huwa ya wote.

Sasa sikiliza jambo zito zaidi. Mafua madogo ya puani hayamzuii mtu kufanya mazoezi mepesi. Homa sivyo. Mwenye homa, maumivu ya mwili au maumivu ya kifua asikimbie wala asicheze. Virusi vya maradhi mengine huweza kuingia katika misuli ya moyo. Moyo ulio mgonjwa ukilazimishwa kufanya kazi ngumu, waweza kusimama ghafla. Vijana wenye nguvu wamekufa uwanjani kwa njia hiyo.

Tena homa hiyo huenda ikawa malaria. Aende zahanati apimwe damu. Akipona, asirudi siku ile ile kwenye mbio. Aanze pole pole.

Nahodha atanung'unika kwamba timu imepungukiwa. Mwache anung'unike. Mwingine ataingia mahali pake.

Maswali
1. Chembe nyeupe hufanya kazi gani?
2. Kwa nini mchezaji awe na kikombe chake?
3. Mwanao ana homa, na leo jioni kuna mechi. Utamwambia nini?