Kiu Haijachelewa: Majibu kwa Wakimbiaji wa Kilomita 10 Hadi 21

Joto likipanda, barua kuhusu maji huongezeka. Safari hii nimechagua zilizonikera na zilizonitia hofu. Kwamba mwili unahitaji maji kila mtu anajua, sitalirudia hilo.

Daktari, shikamoo. Mwalimu wa klabu yetu ya jogging anatuamuru tunywe lita nzima kabla ya kuanza, kisha tunywe kila baada ya dakika kumi hata kama hatutaki. Anasema ukisikia kiu umeshachelewa. Ni kweli? (Barua za namna hii zimetoka Mbagala, Tanga, Arusha na Mombasa. Nazijibu kwa pamoja.)

Marahaba. Si kweli, na naomba mnisikilize vizuri kwa sababu uvumi huu unaweza kuua.

Ubongo una sehemu inayopima wakati wote ukali wa chumvi katika damu. Ukali huo ukipanda kwa asilimia moja au mbili tu, ubongo hutoa homoni inayoziamuru figo zibane maji, kisha hukuletea kiu. Kwa hiyo kiu huja mapema, akiba ikiwa bado ipo. Mtu wa kilo 70 aliyetoka jasho la lita moja na nusu amepoteza takriban asilimia mbili ya uzito wake. Atasikia kiu, atakunywa, ataendelea na safari yake. Hakuna kilichoharibika.

Haile Gebrselassie alishinda marathoni ya Dubai mwaka 2009 kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 29. Watafiti waliofuatilia unywaji wake walikadiria kwamba alifika mwisho akiwa amepungukiwa karibu asilimia 10 ya uzito wake. Simtaji ili mumwige. Mwili wake na mazoezi yake si vya kwetu. Namtaja ili mwone kwamba kupungukiwa maji kiasi njiani si msiba kama mnavyotishwa.

Msiba uko upande wa pili. Unapokimbia, homoni ile ya kubana maji mara nyingi huendelea kutoka hata kama umeshakunywa ya kutosha, kwa hiyo figo hazitoi ziada kwa kasi inayotakiwa. Ukizidi kujijaza, sodiamu katika damu inazimuka. Maji huingia ndani ya chembe za mwili na kuzivimbisha. Mkono ukivimba, utaona pete inabana na mkanda wa saa unaacha alama. Ubongo ukivimba hauna pa kwenda, kwa sababu fuvu halitanuki. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, mtu anatapika, anachanganyikiwa, anapata degedege. Wenzake wanasema, "Kaishiwa maji huyu, mpeni maji." Wanamwongezea kilekile kinachomuua.

Mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza Boston Marathon. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka kuliko kawaida, na watatu walikuwa katika hatari kubwa. Katika mbio hizohizo mkimbiaji mmoja mwanamke alifariki kwa tatizo hili. Waliokuwa hatarini zaidi ni walioongezeka uzito wakiwa mbioni na waliochukua zaidi ya saa nne. Yaani ni watu kama wengi wetu: wa mwendo wa taratibu, wenye muda wa kusimama kila kituo na kunywa kwa woga.

Mwambieni mwalimu wenu hivi: kiu ndiyo kipimo. Mkimbiaji aruhusiwe kunywa akitaka, na aruhusiwe kukataa.

Basi ninywe kiasi gani? Nataka namba.

Namba yako iko kwenye mizani. Jipime bila nguo kabla ya kukimbia saa moja, kausha jasho, kisha jipime tena. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho, ukijumlisha na ulichokunywa njiani. Wapo wanaotoka nusu lita kwa saa, wapo wanaofika lita mbili. Ndiyo maana namba ya jirani haikufai. Ukirudi umepungua kidogo, uko sawa. Ukirudi umeongezeka, umekunywa kupita kiasi, na usirudie.

Nakimbia kilomita 15 kila Jumapili. Kubeba chupa kunanisumbua, mkono unachoka na mkanda unaruka. Nifanyeje?

Kwanza jiulize kama unahitaji kubeba. Kama ni chini ya saa moja, alfajiri kuna ubaridi, na umeamka ukanywa glasi ya maji, nenda mikono mitupu. Kwa kilomita 15 za Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi, beba.

Nusu lita ya maji ni nusu kilo mkononi. Chagua chupa yenye mkanda wa kupitisha kiganja ili vidole visikamate muda wote, maana anayekaza ngumi hukaza na bega. Ihamishe mkono kila baada ya kilomita mbili au tatu. Mkanda wa kiunoni ukae chini, kwenye mifupa ya nyonga. Ukiufunga juu ya tumbo utapanda, utalegea na utaruka. Mfuko laini wa maji ni bora kuliko chupa ngumu: kila ukinywa, kamua hewa iliyobaki, na hautasikika ukichapa maji ndani. Kizibao cha mgongoni kiache kwa mbio za zaidi ya saa mbili. Katika joto la pwani kinafunika ngozi inayotakiwa kupata upepo.

Ila njia ninayoipenda haihitaji vifaa. Panga mzunguko wa kilomita tano unaopita nyumbani, au acha chupa yako kwa mlinzi au kwa mama muuza chapati unayemfahamu. Weka noti ya shilingi elfu moja kwenye soksi. Barabara yenye maduka inakubebea maji.

Jambo moja sitalivumilia: chupa isiyooshwa. Chupa inayokaa na maji ya jana kwenye mkoba huota utelezi ndani ya kifuniko. Isugue kwa brashi na sabuni kila siku, iache wazi ikauke. Wala usichote maji kwenye ndoo ya njiani kwa kikombe cha wote. Kipindupindu na homa ya matumbo haviheshimu medali.

Nimeshauriwa gym nijifunge nailoni tumboni na nivae koti zito wakati wa kukimbia, nisinywe maji, ili kitambi kiyeyuke kwa jasho. Nimepungua kilo mbili kwa asubuhi moja!

Umepungua maji, na yatarudi jioni ukinywa. Jasho si mafuta. Kazi ya jasho ni kukauka juu ya ngozi na kuondoka na joto la mwili. Nailoni inazuia lisikauke, kwa hiyo unatoka jasho jingi zaidi huku unazidi kuchemka. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa katika wiki chache, wakipunguza uzito kwa mazoezi ndani ya mavazi yasiyopitisha hewa huku wakijinyima maji. Walikuwa vijana wenye afya. Aliyekushauri hivyo anauza hatari. Vua hiyo nailoni leo.

Madafu, soda, vinywaji vya kuongeza nguvu, ORS: kipi bora? (Barua nyingi.)

Kwa chini ya saa moja na nusu, maji yanatosha. Madafu ni mazuri baada ya mbio, lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati jasho linaondoka hasa na sodiamu. Kula na chakula chenye chumvi. Vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini nyingi viacheni. ORS ni dawa ya kuharisha. Mkimbiaji aliyetoka jasho jingi anaweza kuitumia, ila paketi ya lita moja iingie kwenye lita moja kamili. Kuikoleza ndani ya chupa ya nusu lita ili "ishike" ni kujitafutia kutapika.

Je, nimeze diklofenaki kabla ya nusu marathoni ili magoti yasiume?

Hapana. Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo, na figo zako siku hiyo tayari zina kazi ngumu. Goti linalodai dawa kabla ya kuanza linadai mapumziko.

Mkojo wangu ulikuwa wa rangi ya kola baada ya mbio za juzi.

Nenda hospitali leo.

Niko Zanzibar na ninafunga. Nikimbie saa ngapi?

Mbio ndefu baada ya kufuturu na chakula kutulia. Mbio fupi nyepesi zifanye karibu na magharibi, ili ukimaliza upate kunywa. Baada ya daku usikimbie. Utashinda siku nzima na deni.

Mwenzetu alianguka kilomita ya 18, akawa anaongea ovyo. Tulimmiminia maji mdomoni. Tulikosea?

Ndiyo, ingawa nia yenu ilikuwa njema. Mtu aliyechanganyikiwa anaweza kupaliwa, na hamkujua kama alikuwa na maji machache au mengi mno. Mpelekeni kivulini na mwiteni mhudumu wa afya. Kama mwili unawaka, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji baridi mwili mzima, wekeni barafu shingoni na kwapani, mpepeeni. Bora zaidi ni kumzamisha kwenye beseni kubwa la maji ya baridi, kichwa kikiwa nje na kimeshikwa. Mpozeni kwanza, kisha safari ya hospitali.

Kwa walimu wa klabu na waandaaji wa mbio, hasa zile za miezi ya joto: wekeni maji ya kutosha, wekeni kivuli na barafu, na msimlazimishe mtu kunywa. Mkimbiaji mwenye akili timamu akilalamika kichwa na kichefuchefu, muulizeni kwanza amekunywa kiasi gani. Jibu lake ndilo litakalowaambia kama mumpe maji au muyaweke mbali naye.