KWA NINI WATU WANAISHI MIAKA MINGI KULIKO ZAMANI?
Somo la kujadiliwa katika vikundi



Tunapotembelea vikundi vya akina mama na vijana, kuna hoja moja isiyokosa kutolewa: "Wazee wetu walikula mtama na mihogo, hawakujua sindano wala tembe, na waliishi hadi miaka 90. Sisi wa siku hizi tunakufa ovyo." Hoja hii ni tamu masikioni, lakini ina kasoro. Tunawahesabu wazee tuliowaona. Hatuwahesabu ndugu zao waliozikwa wachanga. Muulize nyanya yako mama yake alizaa wangapi, na ni wangapi walifika utu uzima. Jibu lake ndilo mwanzo wa somo letu.

1. Wastani wa maisha ni nini?

Mwaka 1900 wastani wa maisha duniani ulikuwa karibu miaka 32. Leo umepita miaka 70. Si ati watu wa 1900 walikuwa wakifika miaka 32 wanaanguka. Tufanye hesabu ya nyumba moja. Wamezaliwa watoto watano. Wawili wanakufa wakiwa na mwaka mmoja, na watatu wanaishi hadi miaka 66. Jumla ni miaka 200. Gawa kwa tano: wastani ni 40.

Sasa tuseme mmoja wa wale wawili ameokolewa, naye akafika miaka 66. Wastani unaruka hadi 53. Hakuna mzee aliyeongezewa hata siku moja! Ni mtoto mmoja tu aliyepona. Basi tukitaka kujua kwa nini maisha yamerefuka, tuulize kwanza: watoto waliokolewa na nini?

2. Waliokolewa na nini?

(a) Maji safi na choo. Kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu husafiri kutoka kinyesi hadi kinywani, kwa maji, mikono na nzi. Miji ya Ulaya na Marekani ilipoweka mabomba ya maji yaliyosafishwa na mitaro ya maji machafu, vifo vilipungua hata kabla ya dawa nyingi kupatikana. Hata penisilini, iliyogunduliwa mwaka 1928, ilianza kutumika kwa wingi miaka ya 1940.

(b) Chanjo. Ndui iliua mamilioni ya watu na kuwaacha wengine vipofu. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Alipona, na miaka ya baadaye akazunguka akiwahimiza wazazi wachanjishe watoto dhidi ya polio. Mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imekwisha duniani. Mwaka huo huo Kenya ilianza mpango wake wa taifa wa chanjo za watoto: surua, kifaduro, pepopunda, dondakoo, polio na kifua kikuu.

(c) Maji ya chumvi na sukari. Mtoto anayehara huuawa na kukauka mwili. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia katika kambi za wakimbizi nchini India. Maji ya kutundikwa kwa mshipa yalipokwisha, Daktari Dilip Mahalanabis aliamua wagonjwa wanyweshwe maji yenye sukari na chumvi. Mahali ambapo karibu watu 30 kati ya 100 walikuwa wakifa, chini ya uangalizi wake walikufa chini ya wanne. Siri yake ni kwamba sukari husaidia utumbo kunyonya chumvi na maji.

(d) Chakula bora, mama aliyesoma, na uzazi wa mpango. Mama anayejua kusoma kadi ya kliniki huona dalili ya hatari mapema, na hangoji.

3. Tulichopata kinaweza kupotea

Hapa Kenya tumeliona hili kwa macho yetu. Utafiti wa mwaka 1989 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1000 waliozaliwa hai, karibu 90 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Badala ya kupungua, mwaka 2003 walikuwa 115. Ukimwi ulikuwa umeingia manyumbani, malaria ilikuwa sugu kwa dawa tulizozoea, na umaskini ulizidi. Wastani wa maisha ukashuka kwa miaka kadhaa.

Kisha dawa za ARV zikaanza kutolewa bure mwaka 2006, na mwaka huo huo mamilioni ya vyandarua vyenye dawa yakagawiwa watoto wadogo. Kufikia utafiti wa 2014 vifo vilikuwa 52, na mwaka 2022 vilikuwa 41. Tumshukuru Mungu, lakini tusilale. Hao 41 ni watoto wa watu, na ugonjwa hurudi pale chanjo inaporukwa na chandarua kinapogeuzwa ua la kuku.

4. Tufanye nini?

- Mtoto apate chanjo ya surua mara mbili: miezi 9 na miezi 18. Ile ya pili ndiyo wengi husahau.
- Mtoto akihara, omba zahanati pakiti za ORS na vidonge vya zinki. Ukikosa pakiti, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Usizidishe chumvi. Endelea kumnyonyesha. Akilegea, akishindwa kunywa au akitoa damu, mkimbize hospitali.
- Nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kupika.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chetu, ni nyumba ngapi hazina choo? Kikundi kinaweza kusaidia ipi kwanza?
2. Ni nini kinachowazuia akina mama kurudi kliniki: umbali, nauli, kazi, au maneno makali ya wahudumu?
3. Akina baba wana sehemu gani katika haya yote?

Katibu aandike majibu, na mkutano ujao tuanzie hapo.