Kupiga Windows Upya Bila Kupoteza Mafaili ya D

Kijitabu hiki ni cha mtu mwenye laptopu ya Windows 10 au Windows 11 iliyochoka: inachelewa kuwaka, inakwama katikati ya kazi, imejaa programu ambazo hakumbuki aliziweka lini. Ameshauriwa apige Windows upya, lakini ndani ya D kuna picha za familia, hesabu za duka na tasnifu ambayo bado haijawasilishwa. Kazi hiyo inaweza kufanyika na D isiguswe hata kidogo. Mafaili mengi hupotea kwa sababu mwenye mashine, au fundi wake, alibonyeza kabla ya kujua nini kiko wapi.

Jua D yako ni nini

Kuona C na D hakumaanishi kwamba una diski mbili. Laptopu nyingi zina diski moja iliyogawanywa, kama nyumba moja yenye vyumba viwili. Nyingine zina diski mbili kweli, mara nyingi SSD ndogo yenye Windows na diski kubwa ya kuhifadhia. Bofya alama ya Windows kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua "Disk Management", kisha tazama sehemu ya chini. Ukiona "Disk 0" peke yake imebeba C na D, diski ni moja. Ikifa, vyote viwili vinakwenda. Ukiona na "Disk 1", zipo mbili. Andika kwenye karatasi ukubwa wa C na wa D. Karatasi hiyo utaihitaji.

Baada ya hapo kagua C, maana huko ndiko watu wanakoumia. Mafaili yaliyo kwenye "Desktop", "Documents" na "Downloads" kwa kawaida yanakaa C, hata kama wewe umezoea kusema kila kitu chako kiko D. Programu za hesabu na mauzo nazo mara nyingi huficha kumbukumbu zake ndani ya C; tengeneza nakala kutoka ndani ya programu yenyewe, uihamishie kwingine.

Nakili pia D nzima kwenye diski ya nje, hata kama huna mpango wa kuigusa. Fungua mafaili machache kutoka kwenye nakala hiyo uone kama yanafunguka, halafu chomoa diski uiweke kando.

Kufuli la BitLocker

Hili husahauliwa na mafundi wengi. Ikiwa D imefungwa kwa BitLocker na imezoea kujifungua yenyewe, baada ya kupiga Windows upya itadai nywila au ufunguo wa tarakimu 48. Bila hivyo mafaili yatakuwepo lakini hayatasomeka, na hakuna fundi wa kuyafungua. Tafuta ufunguo mapema. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uandike mahali pengine nje ya laptopu hiyo.

Swali lenyewe

Kwenye Windows 11 ingia "Settings", "System", kisha "Recovery"; kwenye Windows 10 pitia "Update & Security", kisha "Recovery". Hapo utakuta "Reset this PC". Ukichagua "Keep my files", Windows itaondoa programu na mipangilio lakini itaacha mafaili yaliyomo kwenye folda zako binafsi. Ukichagua "Remove everything", C itasafishwa. Hapo ndipo uwe makini: fungua "Change settings" usome kila mstari. Kuna swali kama mafaili ya diski zote yafutwe. Jibu ni hapana.

Kama Windows haiwaki na umeanzia kwenye skrini ya bluu ya ukarabati, swali huja kwa sura nyingine. Chagua "Only the drive where Windows is installed". Usiguse "All drives".

Utaulizwa pia Windows mpya itoke wapi. "Cloud download" inaweza kula zaidi ya GB 4 za bando. "Local reinstall" hutumia kilichomo ndani ya mashine. Chaji betri ijae na uache chaja imechomekwa, kwa kuwa kazi inaweza kuchukua saa kadhaa na umeme ukikatika katikati unaweza kubaki na mashine isiyowaka.

Fundi akitumia flashi

Njia hii ina hatari kubwa zaidi, kwa sababu skrini ya usakinishaji haionyeshi herufi C na D. Inaonyesha namba za diski, sehemu zake na ukubwa wake. Toa ile karatasi. Mwonyeshe fundi sehemu ya kufuta na ile ya kuacha, na usiondoke dukani kabla hatua hiyo haijapita. Kama diski ziko mbili, mwombe aichomoe ya pili kabla ya kuanza. Hakuna ulinzi unaoushinda huo.

Ukishamaliza

D isipoonekana, rudi "Disk Management". Huenda imekosa herufi tu, nawe utaipa. Windows ikikuambia lazima ui-format diski ndipo uitumie, kataa. Folda ikigoma kufunguka kwa kukosa ruhusa, mafaili yapo: badilisha umiliki wake kupitia "Properties", sehemu ya "Security". Programu zilizokuwa zimewekwa D zitahitaji kusakinishwa upya.

Ikiwa mafaili yamefutwa kweli, zima mashine mara moja na usihifadhi chochote kwenye diski hiyo. Usisakinishe humo programu ya kuokoa mafaili. Mpelekee mtaalamu diski kama ilivyo. Kwenye diski ya kawaida bado kuna nafasi nzuri ya kuyapata. Kwenye SSD nafasi ni ndogo, kwa sababu Windows huiambia SSD isafishe maeneo yaliyofutwa, na kazi hiyo inaweza kukamilika ndani ya muda mfupi sana.