SOMO LETU: KODI YA FEDHA ILIYOPATIKANA NCHI ZA NJE



Leo tunajifunza jinsi serikali zinavyotoza kodi mapato ya wanariadha wanaolipwa katika nchi nyingi. Wengine watauliza: mambo ya matajiri hao yanatuhusu nini sisi wa Ibanda, Kasese na Bwera, tunaobeba mizigo ya wapanda Rwenzori na kuvusha bidhaa pale Mpondwe? Yanatuhusu. Sheria inayomshika mkimbiaji ndiyo inayomshika ndugu yetu aliyekwenda kufanya kazi Arabuni.

Serikali huuliza maswali mawili. Kazi imefanyika wapi? Na aliyeifanya ni mkazi wa wapi? Nchi ya kazi hudai kodi kwa kile kilichopatikana kwake. Nchi ya makao mara nyingi hudai juu ya mapato yote, hata ya ng'ambo. Hapo ndipo mtu mmoja hujikuta anadaiwa na serikali mbili kwa jasho moja.

Tuanze nyumbani. Tangu 2022 mbio za marathoni za Rwenzori hukimbiwa Kasese. Mwanariadha asiye mkazi wa Uganda anayepata fedha kwa kushindana hapa hutozwa asilimia 15, nayo hukatwa kabla fedha haijamfikia mkononi. Tuseme amepata shilingi 1,000,000: anakatwa 150,000. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne anaiweza.

Uingereza walikwenda mbali zaidi. Tajiri wa michezo hapati fedha nyingi kwa zawadi ya uwanjani, bali kwa kuvaa viatu na nguo za kampuni ili zitangazwe. Andre Agassi, Mmarekani mcheza tenisi, alilipwa hivyo na kampuni za Nike na Head, na malipo hayakupitia Uingereza kabisa. Hata hivyo Waingereza walidai kodi kwa sehemu ya fedha hiyo, kwa kuwa alicheza kwao. Kesi ilifika hadi Baraza la Malord, lililokuwa mahakama yao ya juu, na mwaka 2006 Agassi akashindwa.

Usain Bolt wa Jamaika aliiona hatari hiyo. Tuseme mtu anakimbia mara 10 kwa mwaka, na mara moja ni London. Uingereza inaweza kudai kodi kwa sehemu moja ya kumi ya fedha yake ya matangazo ya dunia nzima. Mwaka 2010 kiwango cha juu cha kodi kilikuwa asilimia 50, kwa hiyo kodi ingeweza kuzidi malipo ya mbio zenyewe. Bolt akakataa kwenda kukimbia London mwaka huo.

Sisi hatumlilii tajiri, alipe. Lakini angalieni jambo hili. Kwa ajili ya Olimpiki ya 2012 Waingereza waliwasamehe wanariadha wa nje kodi hiyo, maana bila msamaha wasingepewa michezo. Stephen Kiprotich wetu alipotwaa dhahabu ya marathoni London tarehe 12 Agosti 2012, alikimbia chini ya msamaha huo. Basi sheria iliyosemwa ni ngumu kama jiwe ililegea mara moja. Bolt aliweza kusema siendi. Mpagazi wa Nyakalengija akisema siendi, nani atamfuata nyuma kumbembeleza?

Jirani zetu wa Kenya walikuwa na ugomvi wao. Katika miaka ya 2010 serikali yao iliwadai wakimbiaji kodi ya fedha walizoshinda nje. Wao wakajibu kwamba wamekwisha kukatwa huko huko. Walikuwa na chama chao, wakasema kwa sauti moja, si kila mtu kivyake.

Sasa turudi kwetu. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 1997, mkazi wa Uganda hutozwa kwa mapato ya dunia nzima. Mkazi ni mwenye makao ya kudumu hapa, au aliyekaa nchini siku 183 au zaidi katika miezi 12. Kwa hiyo usidhani kwamba kuvuka mpaka kunakuondoa katika daftari. Mwanariadha mkazi aliyekatwa kodi nje hupunguziwa hapa. Kama hapa angedaiwa 300,000 na huko amekatwa 150,000, anamalizia 150,000. Kwa mshahara wa kuajiriwa sheria ni nzuri zaidi: ukiwa umelipa kodi ya mapato huko nje, mshahara huo hautozwi tena hapa.

Neno zito ni “umelipa”. Kusema kwa mdomo hakutoshi. Wanariadha wakubwa wana mawakili wa kuwatunzia karatasi. Sisi tuna sanduku la chini ya kitanda. Kwa hiyo kila mwanachama anayekwenda kufanya kazi nje adai karatasi ya mshahara kila mwezi, inayoonyesha kiasi kilichokatwa na sababu yake. Kabla ya kurudi, aombe barua ya mwajiri au ya ofisi ya kodi yenye jumla ya mwaka. Mwajiri akikata bila kutoa karatasi, mwandikie na ubaki na nakala. Na aliye katika nchi isiyokata kodi ya mshahara aelewe kwamba msamaha huo haumhusu. Aulize mapema kama bado anahesabiwa mkazi wa Uganda, kabla hajaijenga fedha yote kwenye nyumba.